Taa za mbele za gari: namna ya kuzirekebisha nyumbani, na kosa lisiloondolewa kwa bisibisi

Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura ikaambaa na Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Usiku na alfajiri, wavuvi, wachuuzi wa ndagala na waendesha baiskeli hupita kando yake gizani. Taa ya gari iliyoinuka kidogo tu humtia kiwi dereva anayekuja, naye akashindwa kuwaona. Kazi ya kuirekebisha haihitaji zaidi ya ukuta, chaki, futi ya kupimia na bisibisi.

Maandalizi

Gari liegeshwe jioni mahali tambarare, mbele ya ukuta ulionyooka. Matairi yawe na upepo unaotakiwa, taa ziwe safi na balbu zikae sawasawa katika nafasi zake. Dereva, au mtu wa uzito wake, akae kwenye kiti. Gari lenye kitufe cha kushusha na kupandisha taa liwekwe kwenye 0.

Kupima

Gari lisogezwe karibu na ukuta, kisha ichorwe alama mkabala na kitovu cha kila taa. Baada ya hapo lirudi nyuma mita 10, bila kupinda. Uwashwe mwanga wa chini, yaani ule wa kupishana, na taa moja ifunikwe kwa kitambaa kwa muda mfupi wakati nyingine inapimwa.

Ukutani utaonekana mpaka kati ya mwanga na giza. Sehemu yake iliyolala inatakiwa iwe sentimita 10 chini ya alama, sawa na mteremko wa asilimia 1. Kama nafasi ni mita 5 tu, iwe sentimita 5. Baadhi ya magari yameandikwa kiwango chao karibu na taa, kwa mfano 1.2%, hicho ndicho cha kufuatwa.

Nyuma ya taa, chini ya boneti, kwa kawaida huwa na skrubu mbili: moja hupandisha na kushusha mwanga, nyingine huupeleka kulia au kushoto. Zizungushwe polepole, huku ukuta ukitazamwa.

Kushusha kupita kiasi nako kuna hatari. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, kwa mteremko wa asilimia 1, humulika hadi mita 65. Kwa asilimia 2, mita 32 tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde.

Mzigo

Gari likijazwa bidoni za mawese au samaki nyuma, pua yake huinuka. Kwa gari ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.5, nyuma ikididimia sentimita 2.5 tu, mteremko wote wa asilimia 1 hutoweka na mwanga huenda moja kwa moja machoni mwa wengine. Kitufe cha kushusha taa kimewekwa kwa ajili hiyo. Asiye nacho apime gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Upande wa mwanga

Magari mengi yaliyotumika Japani yana usukani wa kulia na yalitengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Mara nyingi mwanga wao wa chini hupanda upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara. Burundi magari hupita kulia; hivyo kushoto ndiko anakotokea dereva mwingine, na ukingo wenye watembea kwa miguu hubaki gizani.

Kosa hili haliondolewi kwa skrubu. Baadhi ya taa zina kiwiko cha ndani cha kubadili upande. Nyingine hubandikwa kibandiko maalumu kinachoziba sehemu inayopanda, ingawa kibandiko hakiongezi mwanga kulia. Tiba kamili ni kufunga taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia.

Anayevuka mpaka wa Mugina kuelekea Manyovu, mkoani Kigoma, hukuta hali imegeuka, kwani Tanzania magari hupita kushoto. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, ukuta utazamwe kwanza: mwanga unapanda upande gani, na gari litatembea usiku katika nchi gani?