Maji ya Mlimani Fizi
Tulipokimbia vita mwaka 1996 tukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, chemchemi yetu ya Fizi ilibaki ikitiririka peke yake. Niliporudi, nilikuta mizizi minene kama mkono wangu ndani ya sanduku la saruji, tope limefika kiunoni. Tiyo za chuma zilikuwa zimeng'olewa. Moja niliiona imekuwa nguzo ya kibanda. Tulichimba mpaka kwenye jicho la maji, tukapanga mawe, kokoto juu yake, tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Mteremko ndio pampu yetu, haudai mafuta. Kule chini, mjini Baraka, wengi huchota ziwani, na kipindupindu hakiwaachi. Tulipomaliza kulaza tiyo upya, robine ilikohoa hewa, ikatema maji mekundu, halafu safi. Mama mkwe alijaza bidoni mbili, kimya.