Bastola Inaposhindwa Kulisha Risasi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mmiliki Halali

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mmiliki wa bastola aliyepewa leseni kwa mujibu wa sheria huenda asiifyatue silaha yake hata mara moja kwa mwaka mzima. Huifungia kabatini, huitoa siku ya kuikagua, kisha huirudisha mahali pake. Siku anapovuta slaidi na risasi ikakataa kuingia, huweza kushawishika kuitikisa, kuigonga mezani au kuigeuza ili atazame mdomo wa mtutu. Hapo ndipo ajali huanzia. Bastola iliyokwama si bastola tupu. Ni silaha yenye risasi ambayo mwenyewe hajui imekaa wapi.

Makala haya yanaeleza sababu zinazofanya bastola ya nusu-otomatiki ishindwe kulisha risasi, namna ya kuifanya iwe salama, mambo ambayo mmiliki anaweza kuyakagua mwenyewe na yale anayopaswa kumwachia fundi wa silaha mwenye leseni.

Kwa wakazi wa Mazimbu, katika Manispaa ya Morogoro, suala hili lina uzito wa pekee. Ardhi ambayo Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, na ambapo shule yao ya SOMAFCO ilifanya kazi kuanzia mwaka 1978 hadi 1992, leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Ni mahali pa mabweni, madarasa na nyumba za familia zilizokaribiana. Risasi ya bastola inaweza kupenya mlango wa mbao, dari au ukuta mwembamba na kumfikia mtu aliye chumba cha pili. Kosa la sekunde moja la mwenye silaha linaweza kulipiwa na jirani asiyejua lolote.

Safari ya risasi ndani ya bastola

Bastola ya nusu-otomatiki hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujipakia yenyewe. Mlipuko unapotokea, nguvu yake huisukuma slaidi nyuma. Slaidi inaporudi nyuma, kulabu ndogo iliyo juu yake hulichomoa ganda lililotumika kutoka kwenye chemba, na ganda hilo hutemwa nje. Wakati huohuo, springi iliyo chini ya magazini huinua risasi inayofuata. Springi kuu ya bastola huirudisha slaidi mbele. Slaidi huikokota risasi kutoka kwenye midomo ya magazini, ikaipandisha kwenye mteremko mdogo ulio chini ya chemba na kuisukuma ndani. Slaidi ikishajifunga kikamilifu, bastola huwa tayari kufyatua tena.

Safari hiyo yote huchukua chini ya sekunde moja. Inahitaji magazini nzima, risasi sahihi, njia safi, springi zenye nguvu na mkono ulioshika imara. Kimoja kikipungua, risasi hukwama.

Kwanza usalama, kisha uchunguzi

Kabla ya kutafuta sababu, silaha lazima iondolewe risasi. Utaratibu ni huu:

1. Elekeza mtutu upande salama, mbali na watu, na usiubadilishe upande huo mpaka umalize. Ndani ya nyumba, upande salama si ukuta wa chumba cha watoto wala dari yenye watu juu yake.

2. Ondoa kidole kwenye kifyatulio. Bastola iliyokwama ishikwe kwa kudhani kwamba itafyatuka.

3. Kama ulivuta kifyatulio na risasi haikulipuka, subiri angalau sekunde 30 huku mtutu ukiwa upande salama. Zipo risasi ambazo baruti yake huchelewa kuwaka.

4. Chomoa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma mara tatu au zaidi ili risasi au ganda lililo ndani litoke. Mpangilio huu usigeuzwe. Anayevuta slaidi huku magazini ikiwa bado ndani hutoa risasi moja na kupakia nyingine, akaamini kuwa bastola ni tupu.

5. Ikiwa magazini haichomoki kwa sababu risasi mbili zimebanana, ifunge slaidi ikiwa nyuma, chomoa magazini, kisha vuta na kuachia slaidi mara kadhaa.

6. Hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kupapasa na ncha ya kidole, kupitia uwazi wa slaidi. Usitazame kamwe kupitia mdomo wa mtutu.

Endapo slaidi imegoma kabisa, usiigonge kwa nyundo wala kuchokoa risasi kwa bisibisi. Iache silaha ikiwa imeelekezwa upande salama, waondoe watu chumbani na uwasiliane na kituo cha Polisi au fundi mwenye leseni ili upate maelekezo. Usipande bodaboda ukiwa na bastola yenye risasi iliyokwama.

Namna risasi inavyokwama hueleza chanzo

Risasi ikikwama na ncha yake ikiwa imeegemea mteremko wa chemba, mara nyingi chanzo ni uchafu kwenye mteremko huo, midomo ya magazini iliyopinda au risasi yenye umbo lisilokubaliana na bastola hiyo.

Slaidi ikipita juu ya risasi bila kuichukua, chemba hubaki tupu na mlio wa kifyatulio husikika bila mlipuko. Sababu ya kawaida ni magazini ambayo haikuingizwa hadi ikalia “ka”, au springi yake iliyochoka kiasi cha kutoinua risasi kwa wakati.

Slaidi ikisimama milimita chache kabla ya kujifunga, angalia chemba chafu, risasi yenye kutu au iliyobonyea, na springi kuu iliyolegea. Usiisukume slaidi kwa nguvu ili “imalizie”. Ondoa risasi hiyo uikague.

Risasi mpya ikigonga ganda la zamani lililobaki ndani ya chemba, tatizo haliko kwenye kulisha bali kwenye kuchomoa: kulabu imevunjika, imejaa masizi, au ganda limenata kwenye chemba.

Na ganda tupu likibanwa wima kwenye uwazi wa slaidi, pengine bastola ni nzima, ila mshikaji amelegeza kiganja. Mkono ukirudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi hukosa kitu cha kuegemea na haimalizi mwendo wake.

Anza na magazini

Kabla ya kuilaumu bastola, kagua magazini. Ndiyo sehemu inayodondoshwa, kukanyagwa na kusahaulika. Mwenye magazini mbili au zaidi aziwekee namba, kisha aandike ni ipi iliyokuwa ndani kila tatizo linapotokea kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika. Tatizo likifuata namba moja, magazini hiyo iondolewe kwenye matumizi. Likijitokeza kwa magazini zote, chanzo kitafutwe kwenye risasi au kwenye bastola yenyewe. Midomo ya magazini iliyopinda isinyooshwe kwa koleo. Unene wa ukucha tu unatosha kubadili mwelekeo wa risasi.

Si kila “milimita 9” ni sawa

Chanzo kingine ni risasi isiyo ya silaha husika. Neno “milimita 9” hutumika kwa risasi za aina tofauti. Iliyoenea zaidi duniani ni ya 9 kwa 19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Bastola ya Kirusi ya Makarov hutumia ya 9 kwa 18, ambayo ganda lake ni fupi na kipenyo cha risasi yake ni kikubwa kidogo. Ipo pia ya 9 kwa 17, fupi kuliko zote mbili. Hazibadilishani. Risasi isiyo yake inaweza kukwama na, mbaya zaidi, inaweza kulipuka mahali ambapo silaha haikujengwa kustahimili. Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyo kwenye mtutu au slaidi, uyalinganishe na ya kwenye boksi la risasi na ya kwenye leseni yako.

Morogoro si ngeni kwa elimu hii. Ndiko liliko Shirika la Mzinga, kiwanda cha umma kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, ambako risasi hutengenezwa. Risasi ni bidhaa ya vipimo. Ganda lililobonyea, lenye ukijani wa kutu au lililolowa maji halina tena vipimo vilivyotoka kiwandani, na halipaswi kupakiwa. Risasi za namna hiyo zisitupwe jalalani wala kuchomwa moto, zikabidhiwe Polisi.

Hali ya hewa ya Uluguru

Miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali upande wa Morogoro mjini hupata kidogo zaidi na huwa na miezi mirefu ya vumbi. Silaha inayotunzwa Mazimbu hukutana na hali zote mbili. Wakati wa masika, unyevu huleta kutu kwenye mtutu na ukijani kwenye maganda, hasa bastola inapoachwa ndani ya mkoba wa ngozi. Wakati wa kiangazi, vumbi huchanganyika na mafuta yaliyozidi na kuwa tope linalozuia slaidi.

Tiba ni mafuta maalumu ya silaha, kwa kiasi kidogo. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Oili chafu ya gari huleta masizi na chembe za chuma. Magazini ifutwe kwa kitambaa kikavu, na risasi zenyewe zisipakwe mafuta, kwani yanaweza kupenya na kuharibu baruti. Usafi ufanyike baada ya kila matumizi, na ukaguzi ufanyike kila baada ya majuma machache hata kama silaha haikutumika. Risasi zikae chumba kingine kabisa wakati wa kazi hiyo.

Mpaka wa mmiliki na wa fundi

Kusafisha, kukagua kwa macho, kubadili magazini na kubadili risasi ni kazi za mmiliki. Kubadili springi kuu au kulabu, kusugua mteremko wa chemba na kunyoosha chuma ni kazi za fundi wa silaha mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya Mwaka 2015, inasimamia umiliki, biashara na utengenezaji wa silaha nchini. Fundi wa pikipiki au wa kuchomelea vyuma, hata awe hodari kiasi gani, hana mamlaka ya kuifungua bastola. Aidha, ni kosa kufuta au kubadili namba za utambulisho wa silaha, zikiwemo zile zinazoweza kuharibika kwa kusugua.

Silaha inayopelekwa kwa fundi iwe tupu, magazini ikiwa imechomolewa, na leseni iwe mkononi. Mmiliki ambaye hatimaye ataona silaha haimfai, au mrithi aliyeachiwa bastola asiyokuwa na leseni nayo, afike kituo cha Polisi kilicho karibu naye kwa utaratibu wa kuisalimisha. Atoe taarifa kwanza, ili apewe maelekezo ya namna ya kuifikisha salama.

Bastola inaposhindwa kulisha risasi, mmiliki hana sababu ya kuona haya wala ya kuharakisha. Asimame, aelekeze mtutu pasipo na mtu, achomoe magazini, kisha ndipo aanze kuuliza kwa nini.