Rangi ya Furu, Rangi ya Nukta

Kupaka rangi nukta za grafu huonekana kazi ya mapambo, ya dakika ya mwisho kabla ripoti haijatumwa. Historia ya utafiti wa furu katika Ghuba ya Mwanza inasema vingine. Kuanzia 1977, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden na wenzao wa Tanzania walihesabu furu wa ghuba hiyo, na katika miaka ya 1980 wakashuhudia sangara akiongezeka huku furu wakitoweka. Enzi hizo majarida mengi yalichapwa kwa wino mweusi, hivyo aina moja ilipewa duara tupu na nyingine duara lililojazwa. Kwa hesabu ya kupungua, hilo lilitosha. Halikutosha tena pale rangi yenyewe ilipokuwa ndiyo takwimu.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka uchaguzi huo hulegea, aina zikachanganyika. Mfano mashuhuri ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na jamaa yake Pundamilia pundamilia, wa samawati. Sasa ipe programu ya R makundi haya mawili, uiachie ipake kwa mpangilio wake. Itafuata alfabeti: nyererei atapata rangi ya kwanza, nyeusi, na pundamilia ya pili, nyekundu. Samaki wa samawati keshavikwa kanzu ya jirani!

Atasema mtu kwamba ufunguo wa rangi upo pembeni, msomaji ausome. Kwa sato na dagaa ningekubali. Kwa furu hawa, jicho limeshaamini kabla ya kuufikia ufunguo. Pingamizi zito ni jingine: ukipaka nyekundu na samawati, umeshaamua kwamba makundi ni mawili. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu, uamuzi huo unasimama. Kisiwani Luanso, ndani zaidi ya ghuba, maji ni ya tope na mpasuko huo hauonekani. Ndiyo maana katika utafiti uliochapishwa 2008 madume walipangwa kwa daraja, kutoka 0 kwa samawati hadi 4 kwa wekundu. Takwimu za namna hiyo zinadai rangi ya ngazi. Katika R, alama namba 21 inaiweza kazi hiyo: col hupaka ukingo, bg hupaka ndani. Ukingo uonyeshe kisiwa, ndani mwonyeshe daraja la dume, na zambarau iachwe ikae katikati, pale Luanso inapoihitaji.