Vyanzo vya Eksirei na Mafungu Tufe katika Galaksi Duaradufu: Historia ya Swali la Asili, 1970–2005

Ni rahisi kuianza historia hii mwaka 1999, darubini ya angani Chandra iliporushwa. Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe lilizaliwa mapema zaidi, na kwamba jibu lake lilichelewa kwa kukosa macho makali, si kwa kukosa nadharia.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo asili ya jina lake, Uhuru. Baadhi ya vyanzo vilivyoorodheshwa na setilaiti hiyo, pamoja na zilizoifuata, vilionekana kukaa ndani ya mafungu tufe, yaani mikusanyiko mikongwe ya nyota zilizosongamana kwa umbo la mpira. Mwaka 1975 George Clark na Jonathan Katz walibainisha jambo la kushangaza: kwa kulinganisha na idadi ya nyota zake, mafungu hayo yalikuwa na vyanzo zaidi ya mara mia kuliko sehemu nyingine za galaksi yetu. Maelezo yalipatikana mwaka huohuo. Katika kiini cha fungu nyota hupitana karibu mno, hata nyota ya nyutroni ikaweza kumnasa mwenzi na kuanza kumnyonya gesi; gesi hiyo, ikianguka, hupata joto na kutoa eksirei.

Je, vyanzo vilivyo nje ya mafungu navyo vilizaliwa humo, kisha vikatupwa nje? Galaksi yetu, yenye mafungu takriban 150 tu, haikutosha kuamua. Galaksi duaradufu zina mafungu mengi zaidi, baadhi yake maelfu, lakini darubini Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, iliona humo hasa ukungu wa gesi moto. Vyanzo vilivyofichika ndani yake havikuweza kutenganishwa.

Chandra iliutenganisha mwanga huo. Mwaka 2000 Sarazin, Irwin na Bregman walionyesha kwamba sehemu kubwa ya eksirei za NGC 4697 hutoka katika vyanzo vya nukta. Mwaka uliofuata Angelini na wenzake waliripoti kwamba katika NGC 1399 takriban asilimia 70 ya vyanzo vilikuwa katika mafungu tufe. Kwa NGC 4472, Kundu, Maccarone na Zepf walipata karibu asilimia 40 mwaka 2002. Waliona pia kwamba mafungu yenye metali nyingi yana uwezekano wa takriban mara tatu wa kubeba chanzo.

Tofauti ya 70 na 40 ilistahili kuwatahadharisha waliotaka asili moja kwa vyanzo vyote. NGC 1399 ni tajiri mno wa mafungu, hivyo haifai kuwa kipimo cha nyingine. Hoja yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Irwin ya mwaka 2005: iwapo vyanzo vyote vilizaliwa katika mafungu, basi galaksi inavyopungukiwa mafungu ndivyo eksirei zake zinavyopaswa kuelekea sifuri, kwa kulinganisha na mwanga wa nyota zake. Vipimo havikuelekea sifuri. Palibaki kiasi kinacholingana na nyota za kawaida, zilizozaliwa wawiliwawili nje ya fungu lolote.