Hundi na Siku za Kungoja

Neno hundi liliingia katika lugha yetu kabla ya benki. Lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja na katika bandari za mrima, ambao kwao hundi ilikuwa karatasi ya kumwamuru mtu aliye mbali amlipe fedha mtu aliyetajwa. Kando yake lilikuwako neno hawala, la Kiarabu, lenye maana iliyo jirani sana. Siku hizi vijana wengi husema cheki, wala siwalaumu. Walakini neno la kwanza latukumbusha jambo ambalo waandishi wa historia ya fedha aghalabu hulipita haraka: karatasi hii tangu asili yake ilikuwa na safari ndani yake, na safari huhesabiwa kwa siku. Swali langu ni dogo. Siku hizo zilikuwa ngapi, na ni nani aliyezigharimia?

Nitalitazama swali hili kutoka Ikungi, katika mkoa wa Singida, kwanza kwa sababu nilizaliwa huko, na pili kwa sababu Ikungi haikuwa kamwe makao ya fedha. Tabia ya hundi haijulikani vema pale ambapo mwandikaji na mlipwaji wanatazamana dirishani, hujulikana mbali. Wanyaturu wa zamani walipoweka akiba waliiweka katika ng'ombe, na ng'ombe ni mali ambayo mtu huiona ikitembea.

Kusini yetu, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Manyoni, ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, ikilikata pori la Mgunda Mkali ambalo wapagazi walilihofia kwa ukame wake. Misafara ilichukua nguo, shanga na nyaya. Fedha yenyewe ilibaki Unguja, katika vitabu vya matajiri kama Taria Topan. H. M. Stanley alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871, ili amtafute Livingstone, alikuta fedha aliyoahidiwa haijafika. Aliyemwokoa ni Francis Webb, balozi wa Marekani, ambaye jina lake lilitosha kuwafanya wafanyabiashara wafungue ghala zao. Bidhaa zikaondoka mrima, zikapita Ugogo, zikafika Unyanyembe, kwa nguvu ya dhamana ya mtu mmoja. Wala hili halikuwa jipya duniani. Katika karne ya 10 Ibn Hawqal alieleza kwamba aliona Awdaghust, kusini ya Sahara, hati ya deni la dinari 42,000 lililomhusu mfanyabiashara wa Sijilmasa, mji ulio upande wa pili wa jangwa.

Basi umbali haukuizuia karatasi. Ulichelewesha malipo tu, na kila aliyeshika karatasi alijua kwamba anashika pia miezi kadhaa.

Benki zilipozidi kuwa nyingi katika mji mmoja lilizuka tatizo la namna nyingine. Huko London, katika karne ya 18, makarani walizunguka kutwa kutoka benki hata benki, wakidai fedha za hundi zilizowekwa kwao. Yasemwa kwamba walichoka. Kiasi cha mwaka 1770 wakaanza kukutana katika kilabu kimoja karibu na Lombard Street, wakabadilishana karatasi mezani na kulipana tofauti tu, na mwaka 1773 wakapangiwa chumba chao wenyewe. Napenda kisa hiki, kwani chaonyesha kwamba chombo kikubwa cha fedha kilibuniwa na watu wenye miguu iliyouma, wala si na wanavyuoni.

Kwetu benki ya kwanza ya Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ilianzishwa mwaka 1905, mwaka ule ule ambao reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita zikaja benki za Waingereza, zikaambatana na biashara za mijini. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya biashara yalitaifishwa na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba hundi sasa zingeharakishwa, maadamu mwandikaji na mlipwaji walikuwa wateja wa benki moja. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni kadi. Mtu alipofungua akaunti alitia saini yake katika kadi, na kadi ikakaa katika tawi lile lile. Kitabu cha hesabu zake kilikaa huko pia. Hundi ya mtu wa Dar es Salaam iliyowekwa Singida ilipaswa kurudi karibu kilomita 700, ilinganishwe na kadi, itazamwe kama fedha ipo, kisha habari irudi njia ile ile. Sheria ya mwaka 1991 ilipowaruhusu watu binafsi kuanzisha benki, na Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997, safari ile ikaongezewa kituo: karatasi ilibadilishana mikono kati ya benki mbili kabla ya kuifikia kadi.

Naijua safari hiyo. Mwezi wa Novemba 2003 baba yangu, aliyekuwa mwalimu na mkulima, alimwuzia mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam alizeti aliyokuwa ameiweka tangu mavuno. Alilipwa kwa hundi iliyopigwa mistari miwili, yaani haikuweza kulipwa taslimu dirishani. Akaipeleka benki mjini Singida. Sina haja ya kuitaja. Karani, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, alimwamkia kwa adabu, akamwambia, "Siku kumi na nne, Mwalimu." Siku ya kumi na nne baba alipanda basi, akaambiwa arudi. Akarudi mara ya pili. Saini ilikuwa imetiliwa shaka huko ilikokwenda. Fedha iliingia siku ya ishirini na tatu. Ilikuwa ya kununulia maksai wawili, na mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha. Mwaka ule tulilima kwa plau ya kuazima, baada ya mwenyewe kumaliza shamba lake.

Mfanyabiashara hakupoteza kitu: alizeti aliichukua siku ya kwanza, na fedha yake ilitulia katika akaunti mpaka hundi ilipoifikia. Katika siku zile ishirini na tatu mwenye mali alikuwa mkopeshaji bila kuombwa na bila riba. Desturi hii yafaa kuitwa kwa jina lake, nalo ni mkopo wa mkulima kwa mjini.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka nisiyoitazamia. Mwaka 2004 Benki Kuu ilianzisha mfumo wa malipo makubwa baina ya mabenki, yanayokamilika siku ile ile. Mwaka 2008 simu zikaanza kupeleka fedha. Mwaka 2015, Ikungi ikiwa imekwisha kuwa wilaya, ulikuja mfumo wa kubadilishana picha za hundi badala ya hundi zenyewe. Karatasi hubaki pale ilipowekwa. Picha yake ndiyo isafiriyo, na jibu hutazamiwa siku ya kazi inayofuata. Kwa tendo hilo kadi ya saini, iliyotawala tangu enzi ya ukoloni, ilinyang'anywa enzi yake. Lililobaki ni hundi hewa, kwani picha ya hundi isiyo na fedha hufika upesi vile vile.

Mnunuzi aliyekuja kwetu msimu uliopita hakuwa na kitabu cha hundi. Alilipa kwa simu, gunia baada ya gunia, na baba hakuruhusu gunia la pili litoke ghalani mpaka aliposoma ujumbe wa gunia la kwanza.