Polisi, mahakama na matumizi ya nguvu Arua na Koboko

Arua na Koboko ni miji miwili ya West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi mwa Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Katika historia ya siasa za Uganda miji hii inatajwa hasa kwa mambo mawili: Idi Amin, na risasi za Agosti 2018. Kati ya hayo mawili ipo miaka mingi ambayo wakazi wake waliijua serikali zaidi kwa bunduki ya askari kuliko kwa karatasi ya hakimu.

Chimbuko

Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyoishikilia mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Likapelekwa Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukaingizwa Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, Mwingereza A. E. Weatherhead, aliweka makao Arua na kutawala kwa misafara ya askari iliyokwenda kuadhibu koo zilizokaidi. Mwaka 1919 wafuasi wa Yakani, waliokunywa maji waliyoamini yangewakinga na risasi, waligongana na polisi. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Maji Maji ya 1905, ingawa ya West Nile yalikuwa madogo na yalizimwa haraka.

Baadaye mkoa ukawa chanzo cha askari. Vijana wa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na Kiswahili cha kambini kikarudi nao vijijini. Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, jeshi na vyombo vya usalama vilijaa watu wa nyumbani kwake. Mkoa mzima ukaja kulipia deni hilo.

Kisasi cha 1980 na Ombaci

Amin aliangushwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Oktoba 1980 baadhi ya askari wake wa zamani walivuka mpaka na kuishambulia West Nile, Koboko na Arua zikiwemo. Jeshi jipya la taifa, UNLA, lilipofika halikuchagua nani ni mwasi na nani ni mkulima. Nyumba zilichomwa, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia Zaire, yaani Kongo ya leo, na Sudan, wengine wakakaa huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliingia katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako raia walikuwa wamekimbilia ulinzi wa mapadri na wa Msalaba Mwekundu. Makumi ya raia waliuawa. Hadi leo hufanyika ibada ya kumbukumbu.

Vikundi vya waasi viliendelea: UNRF ya Moses Ali, West Nile Bank Front ya Juma Oris, kisha UNRF II ya Ali Bamuze, iliyotia saini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe Desemba 2002.

Mafuta ya magendo

Waliorudi kutoka uhamishoni walikuta mji hauna kazi. Vijana wa Arua wakaanza kuuza petroli na dizeli zilizopenyezwa kutoka Kongo na Sudan, wakipanga madumu na chupa pembezoni mwa barabara, na mji ukawaita OPEC Boys. Kila Mamlaka ya Mapato ilipofanya msako, vijana walijikusanya haraka, na ofisa aliyekuja kukamata dumu angeweza kujikuta amezungukwa na umati. Wanasiasa wa Arua hawakuwa na haraka ya kuwaondoa: walikuwa kura, na kijana anayeuza mafuta alionekana afadhali kuliko kijana anayejiunga na waasi. Mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca ameandika kwa kina juu ya mapatano hayo yasiyoandikwa, ambamo sheria ilitekelezwa siku moja na kufumbiwa macho siku sita.

Uchaguzi mdogo wa Agosti 2018

Tarehe 8 Juni 2018 mbunge wa Manispaa ya Arua, Kanali Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi pamoja na ndugu yake karibu na nyumba yake huko Kawanda, kaskazini mwa Kampala. Waliomfyatulia walikuwa kwenye pikipiki. Abiriga alikuwa mwanachama wa kutamba wa chama tawala, NRM, mavazi yake ya njano na gari lake la njano vikijulikana nchi nzima. Alishabikia kuondolewa kwa kikomo cha umri wa rais kilichowekwa kwenye katiba ya 1995. Miezi tisa kabla ya kifo chake alikuwa amefikishwa mahakamani Kampala kwa kukojoa kwenye ukuta wa Wizara ya Fedha, akatozwa faini ya shilingi 40,000. Ni tukio dogo, ila ndilo wengi walilokuwa wakimtania nalo.

Kiti chake kiligombewa na watu wengi. NRM ilimsimamisha Nusura Tiperu, FDC ya upinzani ikamleta Bruce Musema, na Kassiano Wadri, aliyewahi kuwa mnadhimu mkuu wa upinzani bungeni, akasimama kama mgombea huru. Wadri aliungwa mkono na Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mwanamuziki aliyeingia bungeni mwaka mmoja tu kabla.

Jumatatu ya tarehe 13 Agosti, siku mbili kabla ya kura, Rais Yoweri Museveni alikuwa Arua kumpigia debe Tiperu. Jioni msafara wake ulikutana na wafuasi wa Wadri. Serikali ilisema magari ya Rais yalipigwa mawe na kioo cha nyuma cha gari moja kikavunjwa. Kilichofuata hakina ubishi mkubwa: vikosi vya usalama vilisambaa mjini vikifyatua risasi, na dereva wa Bobi Wine, Yasin Kawuma, aliuawa akiwa amekaa ndani ya gari la mbunge huyo. Usiku ule Bobi Wine aliandika kwenye Twitter kwamba polisi wamemuua dereva wakidhani ni yeye. Waandishi wawili wa NTV, Herbert Zziwa na Ronald Muwanga, walikamatwa wakiwa hewani. Watazamaji walishuhudia matangazo yakikatika.

Bobi Wine alikamatwa katika Hotel Pacific. Baadaye alieleza kuwa askari walivunja mlango wa chumba, wakampiga na kumbana sehemu za siri; jeshi lilikana. Mbunge wa Mityana, Francis Zaake, naye alifikishwa hospitali ya Lubaga akiwa hajiwezi.

Tarehe 15 Agosti Arua ilipiga kura. Wadri alipata kura 6,421 dhidi ya 4,798 za Tiperu, akatangazwa mshindi akiwa mahabusu, kwani naye alikuwa amekamatwa.

Kesi ya Gulu

Hapa ndipo mkanganyiko wa kisheria ulipoanzia. Tarehe 16 Agosti Bobi Wine, raia, alifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi iliyoketi katika kambi ya Gulu, akishtakiwa kumiliki bunduki zilizodaiwa kukutwa hotelini. Tarehe 23 mwendesha mashtaka wa jeshi akayaondoa. Siku hiyohiyo mshtakiwa alikamatwa upya na kufikishwa kwa hakimu wa kiraia Gulu kwa shtaka la uhaini, ambalo adhabu yake ya juu ni kifo. Alitembea kwa magongo. Pamoja naye walishtakiwa watu zaidi ya 30, wakiwemo Wadri, wabunge Paul Mwiru na Gerald Karuhanga, na Mike Mabikke aliyewahi kuwa mbunge.

Tarehe 27 Agosti Jaji Stephen Mubiru wa Mahakama Kuu, Gulu, aliwapa dhamana. Mubiru aliijua West Nile vizuri: kabla ya Gulu alikuwa jaji wa Arua. Agosti 2019 waendesha mashtaka waliongeza shtaka la kumwudhi, kumtisha au kumdhihaki Rais. Inafaa kutazama upande mwingine wa mizani pia. Waliodaiwa kurusha mawe walipata namba ya jalada ndani ya siku chache. Aliyemfyatulia Kawuma hakupandishwa kizimbani katika shauri hilo.

Mtikisiko ulifika mbali. Tarehe 20 Agosti, katika maandamano ya Kampala, mpiga picha wa Reuters James Akena alipigwa na wanajeshi mbele ya kamera za wenzake, na jeshi likaomba radhi. Spika Rebecca Kadaga alimwandikia Rais akitaka waliotesa wabunge wakamatwe.

Sheria zinazohusika

Katiba ya 1995 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na ibara ya 44 inaweka kinga dhidi ya mateso miongoni mwa haki zisizoweza kusimamishwa kwa hali yoyote. Sheria ya Polisi inamtaka askari aonye kwanza kabla ya kufyatua, na atumie silaha pale tu njia nyingine zimeshindikana. Sheria ya Kuzuia Mateso ni ya 2012. Ile ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inambebesha ofisa dhima binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Mikutano ya Hadhara ya 2013 ilipoteza meno Machi 2020, Mahakama ya Katiba ilipofuta kifungu cha 8, kilichompa polisi uwezo wa kuzuia au kutawanya mkutano.

Migogoro ya kawaida

Nje ya siasa, sehemu kubwa ya mashauri ya Mahakama Kuu ya Arua ni ya ardhi ya kimila: mpaka wa shamba, mti uliopandwa na babu, kaburi linalotajwa kama ushahidi. Mengi huanzia kwa wazee wa ukoo na baraza la mtaa (LC). Septemba 2020 ugomvi wa kisima katika makazi ya Rhino Camp, zamani ndani ya wilaya ya Arua, uliua wakimbizi 10 wa Sudan Kusini.

Koboko

Koboko ni wilaya tangu 2005, ilipomegwa kutoka Arua. Barabara yake inaishia Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mipaka.

Hali ya sasa

Arua ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba mahakama za kijeshi haziwezi kuhukumu raia. Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Jeshi yanayoruhusu raia kushtakiwa huko kwa makosa kadhaa, yakiwemo ya silaha, na Rais akayatia saini mwezi uliofuata.