Njia ya Mlimani: Habari za Ufipa na Watu Wake



Ukitembea katika miji yetu ya mwambao hukosi kuona kibao kilichopigiliwa juu ya mti au nguzo ya umeme: mganga kutoka Sumbawanga. Kwa wengi wetu hilo ndilo pekee tulijualo juu ya mji ule. Ni jina la kutishia watoto na kufanyia mzaha. Lakini waulize wenyeji maana ya jina lenyewe. Watakwambia kuwa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Basi tazama maajabu: mji ambao jina lake lamwamuru mgeni autupe uchawi wake kabla ya kuingia, sisi tuliosomeshwa Kurani tangu utotoni ndio tunaoutafutia uchawi!

Asiyemjua mwenziwe hakosi kumdhulumu. Kwa hiyo leo tumekusudia kukueleza habari za nchi ile kwa ufupi, kisha tujiulize swali moja. Watu wa pwani walifika pande zile kabla ya mapadri. Mbona dini yetu haikuenea huko?

HALI YA NCHI

Ufipa iko kusini-magharibi ya Tanzania, katika Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, na mji wake mkuu ni Sumbawanga. Ni nchi ya juu, iliyo mbali na bahari, nayo imekaa baina ya maziwa mawili. Magharibi yake ni Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina. Mashariki, chini ya ukingo mkali wa Bonde la Ufa, ni Ziwa Rukwa, ambalo maji yake ni ya magadi na hayana mto wa kuyatoa. Kwa hiyo mara hupanuka, mara hunywea. Maziwa yote mawili yako kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Basi atokaye ziwani kwenda mjini hupanda kiasi cha mita 1,000, na Milima ya Mbizi ingali juu yake. Mto Kalambo, uteremkao kutoka uwanda huo kwenda Tanganyika, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia.

Huko hapana vuli na masika kama kwetu. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hata Aprili. Ifikapo Juni na Julai, upepo huvuma juu ya nyasi zisizo na miti ya kuuzuia, na mtu wa Tanga au Lamu hapana budi atafute blanketi la pili.

Wafipa hawakushindwa na nchi hiyo. Walipokosa misitu ya kukata na kuchoma ili wapate majivu ya kurutubisha mashamba, walifukia nyasi chini ya matuta ya mviringo, zikaoza zikawa mbolea, wakapanda ulezi na maharage, na baadaye mahindi. Waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Walifuma nguo kwa pamba yao wenyewe. Hawakuwa watu wa kungojea mgeni awavishe.

WENYEJI NA WAGENI

Katika dini yao ya kale walimtaja Mungu kwa jina la Leza, na wakiheshimu mizimu ya milima na maziwa. Kuhusu ufalme wao husimulia kuwa zamani walitokea wanawake wageni, wakafika kwa mtawala wa Milansi naye yuko mawindoni. Mkewe akawakaribisha, akawapa kigoda cha enzi. Mume aliporudi hakuchukua mkuki, bali walipatana: wageni watawale nchi, yeye abaki na mlima wake na heshima ya ibada. Iwe hadithi au iwe tarikhi, yatuonyesha watu wanaojisimulia kuwa ni wapokeaji wa wageni.

Hata hivyo si kila mgeni alikuja kwa wema. Katika miaka ya 1840 waliingia Wangoni kwa vita kutoka kusini, na mfalme wao Zwangendaba akafa huko huko Ufipa. Kisha ikaja misafara ya pwani. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa kusini ya Ziwa Tanganyika akipigana na Nsama wa Itabwa na kuchukua pembe zake. Misafara hiyo ilileta vitambaa, shanga, baruti, na lugha yetu ya Kiswahili. Ikaondoka na pembe za ndovu, na pamoja nazo wanadamu wenye minyororo shingoni. Ujiji na Tabora watu wetu waliketi, wakaoa, wakajenga misikiti na kusomesha watoto, na dini ipo huko mpaka leo. Lakini Ufipa aghalabu walipita tu.

Mapadri wa Kikatoliki walishika kituo cha Karema, kando ya ziwa, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda mlimani. Hatusemi kuwa walikuwa malaika. Walikuja katika zama za ukoloni, nao walikuwa na makusudio yao. Lakini walikaa, wakafungua shule, wakatibu wagonjwa. Leo Wafipa walio wengi ni Wakatoliki. Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye mwaka 1944, aliteremka hadi pwani akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1992, na Kardinali mwaka 1998.

MTOTO WA TIMBUKTU

Katika watu wa Karema, yupo mmoja ambaye habari zake zatupasa tuzisome kwa haya. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, mji uliosifika kwa maulamaa na vitabu vya Kiislamu. Utotoni alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri wakamnunua wakamwachia huru, wakampeleka Malta akasomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, na hapo akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Yaani miaka 67.

Fikiri, ndugu yangu. Mtoto aliyetoka jirani na mji wa elimu yetu alipotea sokoni, na aliyemfungua minyororo si sisi.

Je, hatukuamrishwa? Katika Sura ya Al-Balad, Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya mlimani ambayo mwanadamu haikabili, kisha akaeleza ni njia gani: ni kumkomboa mtumwa, na kumlisha yatima au maskini katika siku ya njaa. Misafara yetu iliipanda milima ya mawe. Ama mlima huo wa Kurani, wengi waliuacha nyuma. Na watu huijua dini kwanza kwa mikono ya aliyeileta, kabla ya kuisikia kwa ulimi wake.

Usiseme kuwa hayo yamepita pamoja na wazee. Waislamu wapo Sumbawanga leo, wachache, wakisali na kufanya biashara zao. Kijana wako akipelekwa huko kuwa mwalimu au karani, au akienda kununua maharage, mizani yake ndiyo itakayowahubiria jirani zake. Wala si lazima usafiri. Huenda jikoni mwako yupo msichana aliyeletwa kutoka bara. Je, hula ulacho? Hulipwa ujira wake kwa wakati? Huitwa kwa jina lake, au kwa jina la kabila lake, kwa dharau?

Basi kile kibao cha mganga kipite, usisimame. Rudi nyumbani, ukaanzie na huyo aliye jikoni. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, na atupe nguvu ya kuikabili njia hiyo ya mlimani.

Wabillahi tawfiq.